Kwa Elijah, Kuhusu Chuma Nilichokikata

Othaya, Jumatatu asubuhi

Rafiki yangu Elijah,

Naogopa. Nimeanza na neno hilo kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha, kule darasa la ngumbaru, kwamba barua isiyotaja shida yake mapema inamchosha anayeisoma. Basi shida yangu ni hiyo. Naogopa tangu siku tuliyokuzika, na huu sasa ni mwezi wa tatu. Nilidhani ni kama baridi hii ya Julai, kwamba mtu hujikunyata, akaota moto, na siku zikasogea. Hofu hii haisogei.

Nakuandikia nikiwa ndani ya karakana, mlango nimeuzuia kwa jiwe. Nje kuna ukungu, hata duka la ng'ambo ya barabara silioni. Watu wanabisha, wanataka visu vyao vya kupogolea kahawa, nami nanyamaza kama mwizi aliyejificha kwenye nyumba yake mwenyewe. Mama Muthoni anadhani naumwa tumbo. Amenipikia uji wa wimbi siku kadhaa mfululizo, na mimi naunywa tu, maana kumeza uji ni rahisi kuliko kumweleza mke wangu kwamba huenda nilimuua mtu.

Kuna jambo nililifanya jana. Nitalifikia. Usiniharakishe, unajua mimi huandika polepole.

Kwanza habari, kwa sababu ungezitaka. Shule imepata mwalimu mkuu mwingine, kijana mwenye tai, na kile kipande cha reli nilichowapa mkitundike kiwe kengele amekitoa, akaleta kengele ya kununua. Sauti yake ni ndogo, watoto wa kule bondeni wanachelewa kila siku. Majani ya chai yamepandwa mpaka kwenye ule mgongo wa kilima tuliokuwa tukichungia mbuzi. Mbwa wako amehamia kwangu bila kuitwa na halali mahali pengine isipokuwa kando ya mivukuto, ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto, pale ulipozoea kukaa. Na ushirika wetu wa Jumatano siku hizi unaisha mapema. Watu wanasimama, wanasema wameokoka na wanaendelea vizuri, wanaketi. Hakuna wa kuwauliza lolote.

Mimi ni mtoto wa wahunzi, na wewe ulijua maana yake kuliko watu wengi. Hakuna aliyeiba kwa babu yangu, wala aliyeruka vyombo vyake, kwa kuogopa laana ya mhunzi. Nikiwa mdogo niliwahi kumwona baba akimkata mtu. Simaanishi kumkata mwili. Aliibiwa mbuzi, basi akakitia kipande cha chuma motoni mpaka kikawa chekundu, akakilaza juu ya fuawe, akaweka tindo katikati, akataja maneno fulani pamoja na jina la mtu aliyemshuku, na akagonga mara moja. Chuma kikawa vipande viwili. Siku ya nne yule mtu alikuja uani kwetu akitembea kwa magoti, akimvuta mbuzi kwa kamba.

Nilikusimulia hadithi hiyo miaka mingi baadaye, ukacheka mpaka ukashika ukuta. Ukaniambia, "Mathenge, hiyo ni chuma tu. Chuma haijui jina ya mtu." Nilicheka pia. Nilikuwa nimebatizwa, nilikuwa nasoma, na nchi ilikuwa imepata Uhuru. Nilidhani mambo ya baba yangu tumeyazika pamoja naye.

Wakumbuka somo langu la kwanza? Wenzangu uliwapa habari za mchungaji na kondoo. Mimi ulinifungulia Mithali ishirini na saba, ule mstari usemao chuma hunoa chuma, na mtu huunoa uso wa rafiki yake, ukisema kila fundi aanze na kitu anachokijua. Nilisoma kwa kuburura kidole, jasho likinitoka, na nilipofika mwisho nikasema mbele ya darasa zima kwamba aliyeandika maneno haya hakuwahi kushika tupa. Wazee wakaangua kicheko. Wewe hukucheka. Jumamosi iliyofuata ulikuja karakana na daftari.

Nilikuonyesha. Nilichukua vipande viwili vya chuma laini, nikavisugua mpaka mikono ikauma, nikakuuliza ni kipi kimepata makali. Hakuna. Vilipiga kelele tu na kung'aa kidogo. Halafu nikachukua tupa na panga. Nikakwambia kinachonoa lazima kiwe kigumu kuliko kinachonolewa, na ugumu huo hakikuzaliwa nao, kimeupata motoni na majini. Nikakwambia kinachonolewa hupungua, kwamba ule unga uliokuangukia kwenye suruali ulikuwa panga dakika moja tu iliyopita. Na nikakwambia tupa nayo huisha. Meno yake hulika kidogo kidogo mpaka siku moja unaiweka juu ya chuma inateleza, na hakuna mhubiri anayekumbuka kuiombea tupa. Uliandika yote hayo, hata la mwisho ambalo nililisema kwa mzaha.

Kisha ukaniuliza kitu ambacho mimi, fundi, sikuwa nimekifikiria. Kwa nini mstari ule unafikia kwenye uso wa rafiki? Kwa nini mwandishi asitaje moyo wake, au mkono? Sikujua. Nikakuonyesha tu ninavyofanya, kwamba baada ya kila mapigo machache ya tupa nainua panga kwenye mwangaza na kuitazama, kwa sababu nikiendelea bila kutazama nitaila kupita kiasi. Ukafunga daftari. "Basi ni hivyo," ukasema. "Mtu anolewe akiangaliwa. Si kwa mgongo." Jumapili hiyo ulihubiri saa nzima na watu wakatoka wakisema mwalimu amekuwa mhunzi.

Tangu hapo ulikuja kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja. Ulivuta mivukuto, mimi nikafua, na tukaambiana ukweli. Uliniambia nazungumza na mke wangu kama mtu anayefukuza punda. Nilikaa wiki nzima bila kukusemesha, halafu nikaenda nikamwomba Mama Muthoni msamaha, naye akashtuka akadhani nimefiwa. Mimi nikakuambia unawachapa watoto wanaosoma polepole kwa sababu wewe mwenyewe unamwogopa mkaguzi wa shule. Uliacha mivukuto moto ukafifia. Lakini fimbo ile sikuiona tena mkononi mwako. Tulipungua sote wawili, Elijah, na ilikuwa vizuri.

Sasa nifike pale.

Panga za madukani zilipoanza kuja, zenye mipini ya kupakwa rangi, wateja wangu walipungua. Springi za lori, zile ninazofulia panga za kweli, zikawa adimu. Nikaanza kutumia pete za mapipa na vyuma vya vitanda vilivyochakaa. Nilizing'arisha vizuri, nikachoma alama yangu kwenye mpini kama kawaida, nikaziuza sokoni kama panga zangu za siku zote. Nilijua ninachofanya. Chuma laini hakishiki makali. Mkulima anakata asubuhi, mchana anaponda majani.

Wewe ulinunua moja kama mteja mwingine yeyote. Ukaipeleka nyumbani, ukaijaribu kwa tupa niliyokupa mimi. Najua tupa ilivyozama, kama kisu kwenye sabuni. Na Jumatano ukasimama ushirikani na panga ile mkononi. "Ndugu, hii ni panga ya Mathenge. Nimeipiga tupa. Hii si ya kukata miti, hii ni kijiko." Mtu mmoja nyuma alicheka. Wengine wakaanza wimbo, kama tunavyofanya ndugu anapowekwa kwenye nuru, kosa lake likitajwa mbele ya wote, wakinitazama nisimame nitubu. Nilisimama, nikatoka nje.

Halikuwa neno la uongo. Kama lingekuwa uongo ningekaa. Kilichonichoma ni kwamba Jumamosi nne zilikuwa zimepita tangu uinunue panga ile, na zote nne ulikuja ukavuta mivukuto ukaniuliza habari za watoto. Hukuniambia nikiwa peke yangu. Ulininoa mbele ya watu arobaini bila kunitazama.

Alhamisi mchana niliwasha moto. Nilichukua kipande kilichobaki cha kile kile chuma laini. Nilijiambia nafua bawaba. Kilipokuwa chekundu nikajikuta nimeshika tindo, na maneno ya baba yangu yakaja yote, sikusahau hata moja, na nilikuwa nayasikia mara ya kwanza tangu utotoni. Sitayaandika hapa. Nilitaja jina lako la ubatizo na la nyumbani kwenu. Nilitaja pumzi yako. Nikagonga.

Kisha nikaketi. Nikajicheka, nikajiita mzee mjinga. Nikavitupa vipande vile kwenye lundo la vyuma vikuukuu, nikaenda kunywa chai.

Jumamosi ulikuja. Ulivuta mivukuto, macho yako yakiwa kwenye lile tindo pale ukutani. Nilidhani unaona aibu kwa yale ya Jumatano, nikafurahi, Mungu anisamehe. Ulikuja Jumamosi nyingine, na nyingine. Kabla ya Krismasi ukaanza kukohoa. Ulisema ni vumbi la makaa. Mwezi wa pili hukuweza kusimama darasani, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, lakini hofu yenyewe niliificha hata nisiitazame. Nilisema ni mafua. Nilisema ni baridi ya huku. Nilikuletea ndizi na asali, nikaketi mlangoni badala ya kando ya kitanda.

Siku ile ya mwisho niliyokuja uliniita nisogee. Ulikuwa umebaki macho na mifupa. Ukaniuliza, "Mathenge, uko na kitu unataka kuniambia?" Nikasema, "Pona kwanza, tutaongea." Uliyafumba macho. Ukasema, "Sawa. Mimi niko hapa." Wiki iliyofuata Pasaka hukuwepo.

Na kaburini, Elijah, mchungaji akaniomba mimi, rafiki yako, niseme neno. Nikauelezea ule mstari wetu. Nilieleza tupa, nikaeleza unga wa chuma, nikaeleza kutazamana uso kwa uso, watu wakalia na wengine wakaandika. Nilisema vizuri sana. Nilipokuwa nasema nilikuwa namsikia binti yako Nyawira akikohoa nyuma ya mama yake, kikohozi kidogo kikavu, na kila alipokohoa nilipaza sauti.

Katika ukoo wetu inasemekana kwamba chuma kilichokatwa kwa jina la mtu hakiachi nyumba ya mtu huyo mpaka aliyekikata akifungue. Namna ya kukifungua najua. Mhunzi mwenyewe huchukua maji ya pipa tunalozimishia chuma, akaenda mbele ya yule aliyemkata, akataja alichokifanya bila kuficha, akanyunyiza. Sehemu ya maji ni rahisi.

Nyawira alipelekwa hospitali Nyeri. Daktari alisema ni kifua kikuu, kama chako, na kwamba siku hizi dawa ipo na inaponya, mradi tembe zimezwe na sindano zichomwe kwa miezi mingi bila kuruka siku. Mama yake akarudi amefurahi. Halafu wiki mbili zilizopita alipokuwa akibadilisha majani ya godoro, akakuta tembe zimefichwa humo ndani, za siku nyingi. Akaja kwangu akilia, akaniomba kama rafiki yako nije niongee na msichana. Nikasema nitakuja kesho. Na kesho yake nikaweka jiwe hili mlangoni.

Wiki mbili, rafiki yangu. Msichana wa miaka kumi na saba anaisha, na mimi nimejifungia na pipa la maji. Nilijiambia mengi. Nilijiambia kwamba nikikiri, kanisa litanitoa, na litakuwa na haki. Kwamba hakuna mtu wa Othaya atakayenunua hata sindano ya kiatu kwangu, wala mtoto wao kupita mbele ya mlango wangu. Nikajiambia pia, na hili lilikuwa la hila zaidi, kwamba nikikiri, Mama Nyawira ataacha hospitali awafuate wazee wa wahunzi na mtoto afe kwa ajili hiyo. Nilikuwa na sababu nyingi, zote nzuri. Hukuwepo wa kuziwekea tupa.

Juzi Jumamosi Mama Nyawira alikuja tena. Hakubisha. Alisukuma mlango na jiwe likaburuzika. Aliniangalia nilivyokaa gizani, akasema, "Baba Muthoni, mtoto anaisha. Na wewe unajua kwa nini hataki dawa."

Kisha akanieleza. Alhamisi ile ulikuwa umetoka nyumbani mchana kuja kwangu. Hukuwa umelala usiku kucha. Ulimwambia mkeo kwamba umenikosea, kwamba ulipaswa kuniambia panga ile nikiwa peke yangu, na kwamba unakwenda kuniomba msamaha. Ulifika nyuma ya mabati ya karakana. Ukasikia moto, ukasikia jina lako, la ubatizo na la nyumbani. Ulirudi, ukaketi jikoni bila kuvua viatu. Ulisema, "Mathenge amenikata." Nyawira alikuwa kwenye stoo anapima mahindi. Alisikia.

Nilimuuliza kwa nini hukuniambia. Mama Nyawira akasema, "Alikataa. Alisema alishakuaibisha mara moja mbele ya watu, hatakulazimisha tena. Alisema utakuja mwenyewe. Ati yeye atakuwa tu anakuja Jumamosi, ndiyo usikose nafasi."

Nilishika ukingo wa pipa. Jumamosi zile zote. Ulikuwa unavuta mivukuto unaningoja.

Sikuishia hapo. "Na hospitali je? Mbona mwalimu alienda akiwa amechelewa?" Akasema kwa sauti ya chini, "Alisema hiyo ugonjwa si ya sindano. Na mtoto anasema vile vile."

Wewe. Wewe uliyecheka mpaka ukashika ukuta. Sijui sasa ni nini kilichokuua, Elijah. Kama ni chuma, ni mimi. Kama ni kifua kikuu ambacho hukutaka kitibiwe kwa sababu ulisikia jina lako nyuma ya mabati, ni mimi pia. Nimeligeuza jambo hili kila upande nikitafuta upande ambao simo, na sijaupata. Inaniuma mpaka natamani ungekuja na ile panga tena, usimame mbele ya watu mia nne.

Jana baada ya ibada nilijaza chupa kwa maji ya pipa nikaja kwako. Nilipita mbele ya kaburi lako nikaona aibu, nikavua kofia. Nyawira alikuwa kwenye kiti chako karibu na jiko, amejifunika blanketi mbili, na mikono yake imekuwa kama ya mzee. Mama yake alikaa kwenye gunia la maharagwe. Nilikataa kiti. Nilisimama mbele ya msichana nikamtazama usoni, nikasema yote. Panga laini, Jumatano, Alhamisi, maneno, jina. Nilisema kwamba nilitaja pumzi. Nilisema kwamba uliniuliza nami nikakwambia upone kwanza.

Hakulia. Aliniuliza swali moja tu. "Baba Muthoni, ulimaanisha?"

Nilikuwa na jibu tayari. Njia nzima nilikuwa nimelipanga, kwamba ilikuwa hasira tu, kwamba sikujua ninachofanya. Na ungekuwa uongo ule ule wa pete za mapipa, unaong'aa na usioshika makali. Nikamwambia, "Ndiyo. Siku ile nilimaanisha. Kesho yake sikumaanisha tena, lakini siku ile, ndiyo."

Nikatoa chupa. Akaitazama, akasema, "Mimi sitaki maji yako." Ndipo mkeo akainuka kutoka kwenye gunia. Unamjua alivyo, mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe, hajawahi kukanyaga kwa mganga. Akasema, "Mimi nataka. Sijui ni gani itafanya kazi, hii ama ile ya daktari. Fanya yote mbili." Basi nikanyunyiza. Nilinyunyiza mlangoni, na mezani, na kwenye kona unapowekwa mkongojo wako, na nilitaja jina lako kwa maneno ya kufungua, ambayo ni machache kuliko ya kukata. Sauti ilinitoka kama ya mtoto. Sijui wewe na Mungu mlilionaje jambo hilo. Mtanisomea hukumu nikifika.

Kisha Mama Nyawira akaleta tembe kwenye sahani na kikombe cha maji. Nyawira akageuza uso. Mama yake akasihi, akakasirika, akasihi tena. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa kofia. Msichana akasema, bila kunitazama, "Anipe yeye."

Nikazichukua. Mkono wangu ulikuwa mweusi kwa makaa hata baada ya kunawa, na zile tembe zilikuwa nyeupe sana juu yake. Alizichukua moja moja, akazimeza moja moja. Alipomaliza akanitazama kwa macho yako yale yale. "Baba alisema utakuja," akaniambia. "Mimi nilikuwa nimechoka kungoja."

Nilitoka nje nikashika ukuta wa jikoni lako na nikalia mpaka mbwa wako, aliyenifuata, akaanza kulia nami.

Leo saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni. Alimeza. Nikamsindikiza yeye na mama yake mpaka zahanati, akachomwa sindano. Njiani alikohoa na mimi nikaogopa, bado naogopa, kwa sababu daktari alisema miezi mingi na hii ni siku ya pili tu. Huenda tumechelewa. Hakuna aliyeniambia hatukuchelewa. Jumatano nitasimama ushirikani na kusema nilichofanya, panga na chuma vyote viwili, na sijui nitarudi nyumbani nikiwa nani. Usidhani nimepata ujasiri. Nimebaki na hofu yote niliyokuwa nayo, ila sasa naenda nayo.

Pumzika, mwalimu wangu, uliyevuta mivukuto ukaningoja. Sitakuomba unisamehe kwa barua, nilikuwa na miezi mingi ya kukuomba ukiwa mbele yangu. Nakuahidi hili tu. Kila asubuhi saa moja, mvua au ukungu, kanisa wanitake au wasinitake, nitakuwa mlangoni kwako na mkono wangu umeoshwa, na Nyawira hatakaa kwenye kiti kile akitazama njia. Sitachelewa.

Rafiki yako,
Mathenge